Mahame ya Milima ya San Juan

Mahame ni mahali palipokaliwa na watu zamani, kisha wakahama wote, pakabaki kuta na magugu tu. Mahame mengi ya dunia yalifanywa na vita, au na njaa, au na maji ya visima kukauka. Lakini yako na mahame ya namna nyingine, ambayo adui hakuyafikia wala njaa haikuyagusa. Hayo ni mahame ya miji ya wachimba madini, miji iliyoota upesi kama uyoga baada ya mvua, ikanyauka upesi vile vile. Miji ya namna hiyo ni mingi katika milima ya magharibi ya Marekani, na hasa katika jimbo la Colorado, kwenye safu iitwayo San Juan.

Milima hiyo ni mirefu sana. Mji wa Silverton, ambao ndio mlango wa kuyaendea mahame, umekaa katika bonde lenye kimo cha futi 9,300 juu ya usawa wa bahari, na vilele vingi vya jirani vinapita futi 13,000. Mtu aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ataelewa vema akiambiwa kwamba Silverton iko juu kidogo kuliko vibanda vya Mandara, na kwamba mahame ya Animas Forks, yenye kimo cha futi 11,200, yako kati ya Mandara na Horombo, karibu zaidi na Horombo. Lakini nchi ile iko mbali na ikweta, kwa hiyo baridi yake ni kali kuliko ya Kilimanjaro kwenye kimo kile kile. Theluji huanza kuanguka katika Oktoba, na mahali pengine haiyeyuki mpaka Juni. Mtu mwenye akili angeuliza: Je, watu walitafuta nini huko, hata wakajenga nyumba, na maduka, na hoteli, na gereza?

Walitafuta fedha. Neno hili katika Kiswahili lina maana mbili, nazo zote mbili zahusika hapa. Fedha ni madini meupe yang'aayo, na kwa kuwa sarafu za zamani zilifanywa kwa madini hayo, jina lake likawa jina la mali yote ya kununulia na kuuzia. Milima ya San Juan iliumbwa na volkeno mamilioni ya miaka iliyopita. Ardhi ilipasuka na kutitia, na maji ya moto yakapanda katika nyufa kutoka chini sana, yakichukua ndani yake fedha, dhahabu, risasi, shaba na zinki, kama vile chai ichukuavyo sukari. Maji yalipopoa, yaliyaacha madini hayo katika nyufa. Basi ufa uliojaa madini huwa kama mshipa katika mwili wa mlima. Pengine ni mwembamba kama kiganja, pengine ni mnene kama chumba, na mara nyingi hupotea ghafula asijue mchimbaji umekwenda wapi.

Nchi ile haikuwa tupu. Ilikuwa nchi ya watu waitwao Ute, ambao wakati wa kiangazi walipanda milimani kuwinda, na wakati wa baridi walishuka mabondeni. Wazungu wa kwanza waliotafuta dhahabu waliingia mwaka 1860, nao hawakupata faida. Lakini baada ya mwaka 1870 walikuja wengi, wala hawakutaka kuondoka. Serikali ya Marekani, badala ya kuwatoa wavamizi, iliwataka wenyeji watoe ardhi. Katika Septemba 1873 wakuu wa Ute, pamoja na mkuu wao Ouray, walikubali mkataba wa kuiacha milima hiyo, eneo lipitalo eka milioni 3, nao wakaahidiwa malipo ya kila mwaka pamoja na ruhusa ya kuendelea kuwinda. Haukupita muda mrefu ardhi nyingine ikatakiwa pia. Ouray alikufa mwaka 1880, na mwaka 1881 wengi wa watu wake walihamishwa na askari mpaka Utah. Wengine walibaki kusini ya Colorado katika ukanda mwembamba wa ardhi, na wazao wao wako huko hata leo. Kwa hiyo mahame ya kwanza ya milima hiyo si nyumba za wachimbaji, bali ni makambi ya wawindaji, ambayo hayakuacha kuta za kutazamwa.

Mkataba ulipokwisha kutiwa sahihi, watu wakamiminika. Sheria ya mwaka 1872 ilimpa kila aliyeona mshipa wa madini haki ya kuwekea mipaka kipande cha ardhi juu yake, urefu usiozidi futi 1,500, kikawa chake, mradi afanye humo kazi ya thamani ya dola 100 kila mwaka. Sheria hii ndiyo iliyowafunga watu milimani. Asiyefanya kazi alipoteza haki yake, na mwingine akaja akasimika vigingi vyake pale pale. Kwa ajili hiyo wachimbaji waliona ni afadhali kujenga karibu na tundu la mgodi, ijapokuwa ni juu mahali ambapo hata miti imekoma kuota.

Animas Forks ilianza hivyo. Mwaka 1873 palikuwa na kibanda kimoja cha magogo. Mwaka 1876 palikuwa na vibanda yapata 30, na hoteli, na duka, na kilabu cha pombe, na posta. Kufika mwaka 1883 watu 450 walikaa pale wakati wa kiangazi, nao walikuwa na gazeti lao wenyewe, liitwalo Animas Forks Pioneer, lililopigwa chapa papo hapo kutoka mwaka 1882 mpaka 1886. Gazeti la watu mia nne na hamsini! Lakini mji wa wachimbaji ulihitaji gazeti kuliko ulivyohitaji mambo mengine mengi, kwa maana gazeti ndilo lililowaambia matajiri wa mbali kwamba mlima una mali, na bila mali ya matajiri hao mgodi haukuweza kuchimbwa kwenda ndani. Si kila neno lililoandikwa katika magazeti ya namna hiyo lilikuwa la kweli.

Vuli ilipofika, wengi wa wakaaji walifunga milango wakashuka Silverton. Waliobaki waliona mambo. Katika mwaka 1884 dhoruba ya theluji ilipiga kwa muda wa siku 23, na theluji ikajaa futi 25, yaani zaidi ya kimo cha nyumba ya ghorofa mbili. Watu wakachimba njia chini ya theluji, kama fuko, wapate kutoka nyumba hii kwenda nyumba ile. Lakini wachimbaji hawakuogopa sana theluji iliyolala. Waliogopa theluji itembeayo. Juu ya mteremko mkali theluji hulundikana mpaka haiwezi kujishikilia tena, kisha siku moja, kwa kishindo kidogo tu au bila kishindo, huporomoka yote pamoja na kuchukua miti, mawe na nyumba. Katika Machi 1906 poromoko la theluji liliipiga nyumba ya kulala ya wachimbaji wa mgodi wa Shenandoah, wakafa watu 12.

Barua zilipelekwa hata wakati huo. Tarishi alifunga miguuni mbao mbili ndefu za kutelezea, akabeba mfuko mgongoni, akavuka vilele. Katika Desemba 1883, siku mbili kabla ya Krismasi, tarishi mmoja alitoka Silverton kwenda kijiji cha Ophir, ng'ambo ya mlima, akiwa na mfuko mzito wa barua na zawadi. Watu walimsihi angoje dhoruba ipite, naye akakataa, kwa kuwa watu wa Ophir walikuwa wakiingojea sikukuu yao. Hakufika. Theluji ya mwaka ule ikayeyuka, asionekane. Ndipo maneno yakaanza: wengine walisema kwamba amekimbia na zawadi za watu, anakula raha mji wa mbali. Ndugu yake hakukubali neno hilo, akaendelea kumtafuta mlimani. Hata mwaka 1885, kiangazi, mifupa yake ilionekana, na mfuko wa barua ungali umefungwa mgongoni.

Sasa yafaa kueleza jinsi mawe ya madini yalivyogeuka kuwa mali, maana bila kujua hilo mtu hawezi kuelewa kwa nini miji ilikufa. Jiwe lililotoka mgodini halikuwa fedha tupu. Lilikuwa jiwe zito, jeusi au la kijivu, lenye fedha kidogo ndani yake pamoja na risasi na takataka nyingi. Lilipaswa kupondwa, na kuchaguliwa, na kuyeyushwa katika tanuru, na tanuru zilizokuwa nzuri zilikuwa mbali. Mwanzoni mawe yalichukuliwa na punda. Mchungaji mmoja aliswaga punda wengi kwa mstari, kila mmoja na magunia yake, katika vijia vilivyochongwa ubavuni mwa genge. Punda hao hao ndio waliopandisha unga, makaa, baruti, hata meko ya chuma na mbao za kujengea. Gharama ya safari hiyo ilikuwa kubwa. Kwa hiyo, kama mawe ya mgodi yalikuwa na fedha nyingi, mwenyewe alipata faida. Kama yalikuwa na fedha ya kadiri, nauli iliila yote, naye akayatupa mawe hayo nje ya tundu. Ndiyo maana kila tundu la mgodi la zamani lina kifusi kikubwa mbele yake, chekundu au cha manjano, kilichoteremka kama ulimi. Kifusi hicho si mchanga mtupu. Ni mali iliyoshindwa na nauli.

Mtu aliyeona hayo wazi kuliko wengine ni Otto Mears. Alizaliwa mwaka 1840 katika milki ya Urusi, akawa yatima angali mdogo, akafika California akiwa mtoto. Alikuwa mtu mfupi mwenye nguvu za ajabu za kufanya kazi, naye alijifunza lugha ya Ute, hata akawa mkalimani katika mashauri ya mikataba. Faida aliyoipata yeye katika mashauri hayo na hasara waliyoipata Ute si vitu vya kulinganishwa. Mears alijenga barabara katika milima ambayo wengine walisema haiwezekani, na kila apitaye alilipa ushuru. Baada ya barabara alijenga reli. Garimoshi la kampuni nyingine lilikuwa limekwisha kufika Silverton mwaka 1882 likitoka kusini, naye Mears akaendeleza reli zake ndogo kutoka Silverton mpaka kwenye migodi. Reli ya bonde la mto Animas ilifika mji wa Eureka mwaka 1896, na mwaka 1904 ikafika Animas Forks. Kipande hicho cha mwisho kilikuwa na mwinuko mkali hata kichwa cha garimoshi kiliweza kuvuta mabehewa machache tu, kikipumua kama ng'ombe aliyefungwa plau mbili.

Reli ilipunguza nauli, na nauli ilipopungua, mawe yaliyotupwa zamani yakawa na thamani. Ndipo vikajengwa vinu vikubwa karibu na migodi. Kinu cha madini kwa asili hakitofautiani sana na kinu cha kutwangia nafaka: michi mizito ya chuma, yenye kuinuliwa na mashine, huanguka usiku na mchana juu ya mawe mpaka yawe unga. Kelele zake zilisikika bonde zima, na wakaaji waliizoea hata wakaamka usiku iliponyamaza. Unga ule ulipitishwa juu ya mabamba yenye zebaki, ambayo huinasa dhahabu, kisha ukachekechwa majini ili vilivyo vizito vitengwe na vilivyo vyepesi. Huko Animas Forks kinu cha Gold Prince kilifunguliwa mwaka 1904, na mawe yakakifikia kwa ndoo za chuma zilizoning'inia katika kamba nene za waya, zikashuka angani kutoka mgodini bila kugusa ardhi. Watu wakasema mji umefufuka. Kinu kilifungwa mwaka 1910. Mwaka 1917 kikavunjwa, na vipande vyake vikatelemshwa Eureka kujengea kinu kingine.

Lakini pigo kubwa lilikuwa limekwisha kuanguka kabla ya hapo, nalo halikutoka mlimani. Mwaka 1873 wakia moja ya fedha iliuzwa yapata dola 1 na senti 30. Kwa sababu migodi mipya ilikuwa mingi, na kwa sababu nchi kubwa za Ulaya zilianza kutumia dhahabu tu kwa sarafu zao, bei ikazidi kushuka mwaka hata mwaka. Serikali ya Marekani ilijaribu kuizuia kwa kununua fedha nyingi kila mwezi, na sheria ya mwaka 1890 iliiamuru inunue wakia milioni 4 na nusu kwa mwezi. Nguzo nyingine ya bei ilikuwa India. Rupia ya India ilikuwa sarafu ya fedha, nayo ndiyo iliyotumika pia katika biashara ya Unguja, Mombasa na pwani yote. Aliyekuwa na fedha aliweza kuipeleka katika karakana ya serikali ya India ipigwe chapa kuwa rupia. Katika Juni 1893 serikali hiyo ikafunga mlango. Tangu siku ile mtu wa kawaida hakuweza tena kugeuza fedha yake kuwa rupia huko. Katika siku chache bei ya fedha ilianguka kama jiwe, na habari ilipofika Colorado kwa simu ya waya, migodi ikafungwa mmoja baada ya mwingine, hata kabla ya michi kumaliza mawe yaliyokuwa kinuni. Katika Julai mabenki mengi ya Denver yalifunga milango. Katika Novemba serikali ya Marekani nayo ikaifuta sheria yake ya kununua fedha.

Basi mchimbaji aliyekuwa ndani ya mlima, na mshipa wake mnene mbele ya macho yake, aliambiwa aweke nyundo chini. Madini hayakupungua hata kidogo. Lililopungua ni bei, nayo ilikatwa na watu ambao hakuwajua, wakikaa mezani upande wa pili wa dunia. Hilo ni jambo gumu kulielewa kwa mtu aliyezoea kulima. Mkulima bei ya mtama ikianguka, bado anaweza kuula. Fedha haiwezi kuliwa, wala bonde la Animas Forks haliwezi kuotesha hata kiazi kwa sababu ya baridi. Mji ulioishi kwa kitu kimoja haukuwa na kitu cha pili cha kushika.

Walakini milima ya San Juan haikufa yote siku moja. Palipokuwa na dhahabu watu waliendelea kuchimba, kwa kuwa bei ya dhahabu haikushuka. Na Eureka uliishi zaidi ya jirani yake kwa sababu ya werevu mmoja. Katika kinu chake kipya unga wa mawe ulitiwa katika maji yenye mafuta kidogo, kisha maji yakapulizwa hewa. Chembe za risasi na zinki zikashikamana na mapovu zikaelea juu, na mchanga ukazama. Hivyo zinki, ambayo zamani ilikuwa adui wa mwenye tanuru, ikawa mali. Kinu hicho kilifanya kazi, kwa kusimama na kuanza tena, mpaka karibu na mwisho wa miaka ya 1930. Kisha watu wa Eureka nao wakahama, na mwaka 1942 reli ziking'olewa.

Msafiri afikaye Silverton leo hukuta mji ulio hai, wenye wakaaji yapata 600 na garimoshi la zamani liletalo wageni wakati wa kiangazi. Kutoka hapo barabara yafuata mto Animas kwenda juu, na baada ya mwendo wa maili 8 hufika Eureka. Hapo hapana mji. Kuna uwanda wa changarawe, na ubavuni mwa mlima kuna ngazi kubwa za saruji, kama ngazi za jitu: ndio msingi wa kinu. Kutoka Eureka barabara hupita mahali penye tuta la reli ya zamani, ikazidi kupanda na kuwa nyembamba, na maili 4 mbele hufika Animas Forks. Nyumba kadhaa za mbao zingali zimesimama, zimekuwa na rangi ya kijivu kwa jua na barafu. Iliyo nzuri kuliko zote ni nyumba ya William Duncan, iliyojengwa mwaka 1879, yenye dirisha kubwa lililotokeza nje, ambalo mwenyewe alilitia apate kuuona mlima. Mtu huweza kuingia ndani na kusikia upepo ukipita katika nyufa za kuta. Katika miaka ya 2013 na 2014 paa na misingi ya nyumba hizo ilitengenezwa zisianguke, lakini hazikupakwa rangi wala kufanywa mpya.

Baada ya Animas Forks barabara hugawanyika na kuvuka vilele kwa njia mbili, moja kwenye kimo cha futi 12,600, nyingine futi 12,800. Njia hizo zilichongwa kwa ajili ya punda na magari ya kukokotwa. Gari la kawaida haliziwezi. Yatakiwa gari lililoinuka, ambalo magurudumu yake yote manne huvuta. Madereva wa huko wana desturi zao: magari mawili yakikutana mahali pembamba, lishukalo humpisha lipandalo, kwa kuwa ni vigumu zaidi kuanza tena kupanda kuliko kushuka. Tena huondoka asubuhi mapema, maana katika Julai na Agosti radi hupiga vileleni baada ya saa sita mchana. Wageni wengi huumwa na kichwa kwa sababu ya wepesi wa hewa, na dawa yake ni kushuka.

Wenye kuzunguka katika mahame hayo huonywa mambo mawili. La kwanza, wasichukue kitu, hata msumari au kipande cha chupa, kwa kuwa sheria yakataza, na kwa kuwa mji wenye wageni elfu nyingi hauwezi kustahimili kila mmoja wao achukue msumari. La pili, wasiingie katika tundu la mgodi. Nguzo zilizoshikilia dari zimeoza. Hewa ya ndani huweza kuwa mbaya bila harufu yo yote, mtu akaanguka asijue kilichompata. Baruti zilizosahauliwa hutoa jasho, na jasho hilo hulipuka kwa kuguswa.

Maji nayo hukaa humo ndani, na habari za maji hazijakwisha. Migodi mikubwa iliendelea kuchimbwa katika milima hiyo muda mrefu baada ya miji kufa. Mgodi wa Sunnyside, juu ya Eureka, ulichimbwa mpaka mwaka 1991, nao ulipita chini ya ziwa dogo liitwalo Emma. Jioni ya Jumapili, tarehe 4 Juni 1978, sakafu ya ziwa ilitoboka, na ziwa zima likaingia mgodini, likapita katika njia za chini likisukuma matope, magogo na mashine, likatokea kwenye tundu la Gladstone upande wa pili wa mlima. Siku nyingine yo yote ya juma wachimbaji wangekuwamo. Kwa kuwa ilikuwa Jumapili, hakufa mtu hata mmoja.

Maji hayahitaji ziwa kutoboka ili kudhuru. Mishipa ya madini ina salfa nyingi iliyoshikamana na chuma. Ikiwa imefungwa ndani ya mlima ni salama. Lakini mgodi ukichimbwa, hewa na maji huingia, navyo vikikutana na mawe hayo hufanya tindikali, na tindikali huyeyusha risasi, zinki na shaba, ikatoka navyo mpaka mtoni. Baadhi ya vijito vya huko vilikuwa na uchungu huo hata kabla ya wachimbaji, kwa kuwa mlima wenyewe umepasuka. Migodi iliongeza sana. Tarehe 5 Agosti 2015, wafanya kazi waliotumwa na idara ya serikali ya kulinda mazingira walikuwa wakifukua mlango wa mgodi wa zamani wa Gold King, karibu na Gladstone, wapate kuchunguza maji yaliyozuiwa ndani. Kifusi kikashindwa, na galoni zipatazo milioni 3 zikafoka nje. Mto Animas uligeuka rangi ya manjano iliyoiva, kama maji ya bizari, mpaka mji wa Durango na mbele yake, ukaingia katika mto San Juan na nchi ya Wanavajo, ambao walilazimika kufunga mifereji yao mashamba yakiwa katikati ya kiangazi.

Mwaka 2016 serikali ikaandika sehemu 48 za milima hiyo, nyingi zikiwa migodi ya kale, katika orodha ya mahali panapostahili kusafishwa kwanza. Wengi wa wenye migodi hiyo walikufa zamani, na kampuni zao hazipo tena, kwa hiyo hapana wa kudaiwa. Gladstone nayo ni mahame: wakati mmoja palikuwa na watu, reli, posta na kinu cha michi. Siku hizi pana kinu kingine, kilichowekwa mwaka 2015 baada ya maji kufoka. Hutia chokaa katika maji yatokayo Gold King, ili kuua tindikali na kuangusha madini chini, kisha huyaachia yaende mtoni, nacho hakisimami usiku wala mchana, hata wakati theluji inapoifunga njia ya Animas Forks.